Mashine ya Kufyekea Ilete Mzazi

Salvina Valerian,
Kidato cha Tatu B,
Kibosho.

Kwa Mkuu wa Shule.

Shikamoo Mwalimu.

YAH: UTOVU WA NIDHAMU WA MASHINE YA KUFYEKEA

Naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Brenda ninayekaa naye dawati moja: mimi napenda kufyeka. Wenzangu wakiadhibiwa, nilikuwa nawapokea fyekeo kimyakimya na kwenda mteremko wa nyuma. Kule hakuna anayenisemesha, na majani niliyokata nabeba kwa bibi, ambaye ng'ombe wake amezaa.

Wahitimu wa zamani walipotuletea mashine ya petroli, ulitangaza mstarini kwamba mwanafunzi asishike tena fyekeo, kwa kuwa tumeendelea. Mwalimu, mashine haifyeki. Majani yamefika magotini na hakuna anayeruhusiwa kuyakata. Bibi anamlisha ng'ombe migomba mitupu, maziwa yamekauka, na ndama anakonda tukimwangalia. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mashine inachelewa. Mzee Basili, mlinzi wetu, anaanza kuvuta kamba ya kuiwasha kengele ya kwanza ikilia, nayo inaitika wakati wa uji. Sisi tukichelewa hivyo tunapiga magoti kwenye kokoto.

2. Inavuta. Moshi wake ni mzito hadi bendera haionekani. Davis alisimamishwa masomo kwa moshi mdogo kuliko huo, tena yeye alijificha chooni. Mashine inavuta mbele ya ofisi yako.

3. Inavuruga vipindi. Inanguruma, inakohoa, inazima, halafu inaanza upya. Juzi Calvin alitoa kichwa dirishani akasema, "Mzee Basili, mpe tangawizi huyo, kifua kimebana!" Darasa zima lilicheka. Calvin alitolewa nje. Mashine iliachwa iendelee kukohoa.

4. Inapendelewa. Pamoja na makosa yote hayo, inalala ofisini kwako, karibu na kombe la netiboli. Mimi nimekuwa na nidhamu tangu Kidato cha Kwanza na sijawahi kukaribishwa hata kiti.

5. Haijawahi kuambiwa ilete mzazi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana hapa shuleni hata aliyesahau kuchomekea shati huleta mzazi.

Naomba basi mwenyekiti wa wahitimu, ambaye kwa mujibu wa hotuba yake mwenyewe ndiye aliyeileta hapa, aitwe kutoka Dar es Salaam. Asimame mbele ya bodi na mashine yake, aandike ahadi kwamba itajirekebisha, na aulizwe inalelewaje nyumbani. Isipobadilika, ihamishiwe Kahe, kule tambarare kwenye joto, ambako hakuna baridi ya kusingizia. Ikishindikana Kahe, ifukuzwe kabisa, na jina lake lisisomwe kwenye mahafali. Wakati shauri linaendelea, fyekeo zirudishwe kwetu, kwa ajili ya ndama.

Nisalimie walimu wote, hasa wa Kiswahili atakayekuta makosa humu, pamoja na mama wa jikoni na Mzee Basili.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Salvina Valerian

N.B. Mwalimu, nilipoleta barua hii hukuwepo. Mashine ilikuwa sakafuni, imeviringishwa majani makavu ya migomba na kufungwa kwa kamba za mgomba, kama tunavyofunga parachichi za kupakia lori. Mzee Basili akaniambia, "Mkuu huifunga mwenyewe kila jioni, mwanangu. Anasema huku juu itapata baridi." Niliwahi kusoma maktaba kwamba injini isiyopata hewa hulewa petroli na kutoa moshi. Tukafungua chujio la hewa: limejaa vipande vya majani ya migomba. Mdomo wa ekzosi nao ulikuwa hivyohivyo. Tukasafisha, Mzee Basili akavuta kamba, ikawaka bila kukohoa. Kwa hiyo mashine haina kosa lolote, na kwa heshima zote, anayetakiwa kuleta mzazi ni wewe.

Tulifyeka nusu ya mteremko kwa raha sana. Ndipo nikaona kwamba ile kamba yake ya plastiki, inayozunguka badala ya kisu, inasaga majani hadi yanakuwa kama tumbaku ya ugoro. Hayafungiki mzigo, na yananuka petroli. Hakuna ng'ombe wa kuyala. Nikamwomba Mzee Basili azime. Nikairudisha ofisini, nikaiviringisha majani ya migomba, mengi kuliko unavyoweka wewe, nikakaza kamba. Kisha nikachukua fyekeo stoo, nikakata nusu iliyobaki, nikajitwisha mzigo na kumpelekea ng'ombe.