Jando la Ngogwe za Mayasa

Jumatatu, 10 Novemba

Joto! Hapa La Rochelle, Joburg, hata paka wa mwenye nyumba analala chini ya gari, gari likiondoka anabaki analaani.

Ngogwe za marehemu mke wangu Mayasa zimeota. Zile nyanya chungu za kwao Muheza, mbegu alikuja nazo kwenye pindo la khanga, akawa anazitunza msimu hadi msimu. Kichupa chake sasa kitupu. Mbegu zote nimezipanda kwenye makopo ya rangi, yako barazani. Miche hii ikifa, ngogwe za Mayasa zimekwisha duniani.

Haifi. Mimi Khatibu nipo, niliyeongoza darasa zima la ngumbaru! Leo redio ya Kiswahili imesema jua linazidi mwaka hadi mwaka, na mtaalamu akasema mboga zinaweza kuzoeshwa joto zingali changa. Nikazima palepale. Ya nini kusikiliza ninachokijua? Sisi tulitiwa jandoni wadogo, tukalala chini, tukanyimwa maji, tukatoka wanaume. Mboga za Joburg zimedekezwa kama wajukuu zangu. Kesho ngogwe zinaingia jandoni.

Jumanne, 11 Novemba

Nimetandaza bati uani, nikapanga makopo juu yake. Jua tupu. Maji hakuna. Nikaziimbia nyimbo za jandoni, zile zenye heshima tu, maana jirani ni mwanamke.

Jirani mwenyewe ni Maman Victorine wa Bukavu, fundi cherehani. Ana mchicha wake chini ya neti kuukuu, yeye anauita lengalenga. Akachungulia juu ya ukuta, pini mdomoni. Akauliza, Papa Khatibu, unapika nini hapo? Nikamwambia sipiki, nafundisha. Akasema ile iko bado batoto, unaitoa jua kidogo ya asubuhi, unairudisha kivulini, kesho unaongeza, hata mtaalamu wa redio alisema vile. Alisema? Labda nilikuwa nimeshazima. Nikamjibu kwamba neti ni ya mbu, mama, haikushonewa mchicha. Alicheka mpaka pini zikamdondoka.

Mwanamke hana adabu. Neti yenyewe imetoboka.

Alhamisi, 13 Novemba

Ngogwe zimeinamisha vichwa. Heshima imewaingia!

Binti yangu Bushra kaja kutoka Jeppestown na samaki wa kukaanga. Kaona makopo, kayainamia. Halafu kasema, baba, hizi hazikuinama, zinakauka. Nikamwambia nililima kabla hajazaliwa mama yake mkwe. Hakubisha. Akasema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba anataka mwanawe aonje mboga ya bibi yake walau mara moja. Akaondoka bila chai.

Sauti ile ya kawaida sikuipenda. Nikatoka mbio, nikamwaga ndoo nzima kwenye makopo. Bati likatoa mvuke kama sufuria. Udongo ulikuwa moto, sikuweza kuugusa.

Mayasa alikuwa akizimwagilia alfajiri, akitoka kuswali. Anazifunika nyasi kavu miguuni, taratibu, kama anamfunika mtoto. Mimi naita toka ndani, chai iko wapi? Sikumuuliza hata siku moja zile nyasi za nini.

Ijumaa, 14 Novemba

Zimekufa. Zote.

Msikitini nilikaa, hotuba ikapita, sikusikia neno. Narudi, mchicha wa Victorine huo, umesimama wima chini ya neti, unanitazama. Hasira! Hiyo ni haki gani? Zangu zimepewa mtihani, zake zimelala kwenye chandarua kama maharusi! Mwenyewe alikuwa ameenda mjini kununua vitambaa. Nikapanda juu ya kreti, nikaikunja neti yote mpaka ukutani. Saa saba mchana, jua la utosi. Nikaenda kulala, roho nyeupe.

Jumamosi, 15 Novemba

Eish.

Maman Victorine amegonga mlango. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Kanishika mkono, kanipeleka uani kwake. Mchicha umeungua kingo tu, utapona. Kisha akanionyesha kona ya mwisho. Miche ya ngogwe! Imelala yote isipokuwa mmoja.

Mbegu alipewa na Mayasa, mwaka ule wa ugonjwa wake. Akaambiwa, mzee wangu huyu ipo siku atazimaliza, wewe niwekee. Victorine alikuwa anangoja izae ndipo ampelekee Bushra kapu.

Mayasa! Alinijua mpaka huko.

Nikaomba samahani, nikaongeza na pardon ya Kifaransa, aelewe vizuri. Akaung'oa ule mche na udongo wake, akautia koponi, akasema, vieux, mzee wangu, hii si yangu wala si yako, peleka kwa Bushra leo leo. Kivuli, nyasi, maji ya asubuhi. Apa. Nikaapa. Macho yaliniuma kwa jasho, na si jasho peke yake.

Jumapili, 16 Novemba

Kwa Bushra sijaenda. Nimekaa na mche huu tangu asubuhi, tunatazamana. Nimefikiri sana.

Ulipigwa jua pamoja na wenzake. Wao chali, huu umesimama. Kwa nini? Hakuna anayejiuliza! Kwa sababu umefuzu. Na nani aliyeikunja neti? Angekuwa muungwana, Victorine angenishukuru.

Sasa nimpe mwanangu mche ulioonja jando siku moja tu? Aibu. Nitampa uliokomaa, jeuri, wa kuzaa hata jua likishuka mpaka darini. Kwa hiyo nimelipangusa bati, nimeuweka katikati.

Mayasa nimeshamwomba radhi. Nimeomba mapema, nisije nikahangaika baadaye.