Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, 8 Mei
Nina tano kati ya kumi katika hisabati. Nisipofikisha sita, nitarudia mtihani Septemba, na kambi ya kupiga makasia ya Julai ndiyo basi tena. Yanayoniua ni mafumbo. Umri wa baba wa mtu unanihusu nini? Lugha si tatizo: shuleni nanyamaza Kislovenia, nyumbani nanyamaza Kiitaliano.

Profesa Furlan, mwalimu wetu wa hisabati, hufungua kitabu popote, akajumlisha tarakimu za ukurasa. Jumla ikiwa namba yako orodhani, twende ubaoni. Mimi ni kumi na mbili. Devan Pertot, anayeniita bubu wa taifa, ni kumi na saba. Mapumzikoni nimekilalia kitabu cha Profesa, kikiwa wazi ukurasa wa 89, mpaka mgongo wake ukalia ko. Sasa kitafunguka hapohapo.

Jumatano, 10 Mei
Kimefunguka hapohapo. Devan kaenda, kapata nane. Nane! Profesa kaukagua mgongo wa kitabu, kasema humu mna mhuni, na Ijumaa ubao utatafuta mtu wake kwa fumbo.

Ijumaa, 12 Mei
Dhuluma tupu. Fumbo: namba ya mtu mara tatu, toa tano, ni sawa na namba hiyohiyo ongeza kumi na tisa. Nilipata kabla ya wote. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nikanyoosha mkono. Nikasema kumi na mbili. Darasa likacheka kabla sijaelewa.

Ubaoni nikaandika: 2x = 24, x = 12. Profesa akauliza x ni nani. Nikaipigia mstari ile 12. Akasema, Tjaša binti yangu, x ni wewe na hujajitaja. Tano na nusu. Devan akanong'ona, bubu hata mwenyewe hajijui. Kambi nzima kwa nusu! Nimebakiziwa nafasi moja tu ya kuulizwa ubaoni.

Jumatatu, 15 Mei
Nimepata dawa. Nitatumia jina la ukoo wa mama, Zanier, maana orodha hupangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Mama kafurahi, baba kanuna, kesho asubuhi tunapeleka maombi shuleni. x iwe namba yangu mpya. Mbele yangu watakuwa ishirini, kwa hiyo x − 1 = 20, x = 21. Mkiani kabisa! Profesa hajawahi kufika huko mapema, kwa hiyo nafasi yangu ya mwisho itanikuta nimejiandaa. Na haya mafumbo, nasisitiza, hayamsaidii mtu maishani.

Leo Profesa katangaza kwamba kesho anaanza kuuliza kutoka mwisho wa orodha. Namhurumia huyo wa mwisho, yeyote yule.