Malalamiko Kuhusu Filamu za Kutisha Mlizoziharibu kwa Kuzisafisha

Kwa Meneja,
Idara ya Kusafisha Filamu za Kale.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu, ingawa kwa mliyoyatenda hamzistahili. Mimi ni muuguzi wa vidonda, mwaka wa ishirini na mbili kazini, na mpenzi wa filamu za kutisha za zamani tangu nina meno ya utoto. Nilizitazama zote kwenye banda la video lililopakana na karakana ya kuchomelea vyuma. Sauti ya filamu ilizimwa, na mjomba wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kipaza, akatutafsiria kila neno.

Wiki mbili zilizopita fundi umeme, jirani yetu, alileta nakala zenu mpya zenye maandishi chini ya picha. Mmebadilisha maneno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Yule bwana wa joho jeusi anayelala kwenye jeneza. Sisi tunamfahamu vizuri: anainamia shingo za watu akitafuta mkufu wa marehemu mama yake ulioibwa. Nimemlilia mara sita. Ninyi mmeandika eti anakunywa damu. Mtu mzima, na suti ile!

2. Yule aliyefungwa bendeji mwili mzima ni mgonjwa aliyetoroka wodini kumsaka muuguzi aliyemfunga vibaya. Kwa sababu yake nilisomea uuguzi, na hadi leo sifungi kidonda bila kukagua mara mbili, nisije nikafuatwa nyumbani. Maandishi yenu yanadai ni mfalme aliyekufa miaka elfu tatu iliyopita. Kama ni mfalme, mimi nimefanya nini wodini ujana wangu wote?

3. Lile zimwi linaloingia kwenye ghala linalowaka moto. Kwa tafsiri ya Mjomba, hutokea mlango wa nyuma, huomba radhi, na wanakijiji hulipatia kazi ya ulinzi. Ninyi mmeandika kwamba limekufa. Limeishi miaka thelathini bila kumgusa mtu, mkaliua kwa kalamu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mtaa unamcheka Mjomba. Fundi umeme amemwita mwongo hadharani. Leo siku ya kumi na moja hatoki chumbani, na sahani ya chakula naikuta mlangoni imeguswa kidogo tu. Mzee wa watu!

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, filamu zirudishwe zilivyokuwa, zimwi lifufuliwe, na waigizaji, walio hai na waliofariki, waitwe warudie maneno yao kwa kufuata tafsiri.

Nisalimie wafanyakazi wote, pamoja na mlinzi wa getini, ambaye sina ugomvi naye.

Ni mimi mpenzi wenu mliyemjeruhi,
Muuguzi, Wodi ya Vidonda.

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimemsomea Mjomba barua hii nikiwa nje ya mlango wake. Amecheka mpaka akakohoa, kisha akafungua. Anasema hajaona hata filamu moja kati ya hizo. Maiti anawaogopa tangu utotoni, na lugha yenyewe haijui. Alikuwa akiipa televisheni mgongo na kutazama nyuso zetu. Akiona tumetishika mno, alitafuta maneno ya kututuliza. Anasema mimi nilikuwa mwoga kuliko wote, na zimwi aliliokoa kwa ajili yangu.

Basi malalamiko yote nayafuta. Mchana huu tunatazama nakala yenu pamoja. Yeye ataipa kisogo, nami nimeagizwa nikae mbele yake ili ajue kinachoendelea.