Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Anyona alikuwa akinywa chai iliyolipiwa na mtu mwingine, katika hoteli moja pale Nyakoe, aliposikia Roselyne, mwenye duka la mabati na saruji, akilalamika. Kesho yake afisa wa afya angepita kwao kupima nani atatibiwa bure na nani atajilipia. Anaangalia kila kitu, paa, jiko, hata mifugo.

"Mimi na mzee wangu tumechoka," Roselyne alisema. "Mbona na sisi tusitibiwe bure?"

Anyona akavuta kiti. Alikuwa na sauti ya mhubiri, na hapo aliitumia yote.

"Mama, shida yako si utajiri. Shida ni kwamba unaonekana."

Angekodi pikapu, ahamishe sofa, televisheni, friji na ng'ombe wa maziwa wa gredi, avifiche kwake Keumbu mpaka afisa apite, kisha avirudishe. Roselyne alimshukuru hadi akamwongezea mandazi. Hakujua kwamba mnunuzi kutoka Nyamira alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Na polisi angewaambia nini? Kwamba ameibiwa akijifanya maskini? Anyona aliutazama mpango wake kwa fahari ya mtu aliyejenga kanisa.

Lakini mkewe, Persis, alikuwa amemwita afisa huyo huyo aje kwao siku hiyo hiyo, kabla ya zamu ya Nyakoe. Alimwambia mumewe mara nyingi, ila Anyona huwa hamsikilizi mtu asiyenunua kitu. Mama yake Anyona alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Wasipompasua bure, basi tena.

Pikapu ilipofika, afisa Lavender alikuwa ameketi kwenye stuli ya pekee nyumbani humo, mzee wa mtaa kando yake. Sofa zikapita mlangoni. Friji ikafuata.

"Hivi ni vya nani?" Lavender aliuliza.

Anyona akamwangalia mzee wa mtaa, aliyemfahamu vizuri mno kwa utapeli wake.

"Vyetu," akajibu kwa sauti ndogo.

"Na huyo ng'ombe?"

"Pia ni... wa familia."

Lavender akabonyeza simu yake. "Hongereni. Mtajilipia."

Mama akageuza uso kuelekea sauti ya mwanawe. "Anyona, tumetajirika lini? Mbona mimi sijaona?"

Wageni walipoondoka, Persis hakupiga kelele. "Baba Mose, ulikovitoa, virudishe. Na yule afisa umtafute, umwambie ukweli."

Asubuhi akapakia tena. Huko Nyakoe alimkuta Lavender mkekani, na Roselyne mbele yake amejifunga leso iliyoraruka.

"Huyu ng'ombe namjua," Lavender akasema.

"Ni wa mama huyu," Anyona akasema. Alikuwa akiiambia serikali ukweli kwa mara ya kwanza, na jasho lilimtiririka.

"Wangu? Mimi sina hata kuku!"

"Mama, tafadhali, ni wako! Hata sofa ni zako!"

"Kijana, usinisingizie mali!"

"Nakuomba, chukua!"

Wakavutana hivyo, mwizi akimsihi mwenye mali, mwenye mali akiapa hajawahi kuiona, mpaka Manasseh, mumewe Roselyne, akatokea migombani. Yeye hakuambiwa lolote kuhusu mpango, kwa kuwa uongo humshinda.

"Linda!" mzee akalia, akamkumbatia ng'ombe shingoni. "Umerudi, mama! Roselyne, si ulisema ameibiwa?"

Ng'ombe akamlamba kofia. Roselyne akaanza kukagua kucha zake.

Lavender alisikiliza kisa chote, kisha akabonyeza simu mara mbili, mara moja kwa kila nyumba. "Bahati yako umevirudisha mwenyewe," akamwambia Anyona.

Anyona akabebeshwa friji na sofa hadi ndani, Mzee Manasseh akimwelekeza pa kuziweka, kisha akibadili mawazo. Dereva wa pikapu, alipogundua hakuna malipo, alimvua viatu.

Alifika Keumbu jioni, peku, miguu imevimba. Persis alikuwa mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Wameandika kwamba sisi ni maskini."

Persis akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Ndani, mama alikuwa tayari anapapasa ukutani akitafuta kitambaa chake cha kichwa, aende hospitali saa hiyo hiyo.