Sina la Kulalamika

Tangazo! Tangazo! Idara ya Ndoto inawajulisha wananchi wote, waliolala na walio macho, kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita Ndoto ya Marekani imebadilishwa tena. Ndoto za zamani hazitapokelewa madirishani. Wenye nazo majumbani wazisalimishe kwa hiari, na Mungu aibariki Marekani.

Aliyelisoma tangazo hilo alikuwa Harlan Pruitt, Mkurugenzi wa Idara katika mji wa Harmon Falls, Ohio, na alilisoma kwa sauti nzito mpaka miwani ikamteremka puani. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule ya sekondari. Wananchi walikaa kwenye viti vya kukunja wakinywa kahawa ya bure, nayo ilikuwa na ladha ya bure. Pruitt alikuwa amebana kipaza sauti kidogo kwenye tai kama wakubwa wa Washington, na alifurahi mno kuisikia sauti yake ikijaza ukumbi.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu wanapita mitaani wakisema Ndoto imekufa. Uzushi mtupu! Ndoto haijafa, inarekebishwa. Mwanzoni kabisa Ndoto ilikuwa shamba. Unakuja na farasi, unapiga kigingi, shamba lako."

"Lilikuwa na wenyewe!" alidakia mtu wa nyuma.

"Walijulishwa," Pruitt alijibu bila kuudhika. "Mashamba yakaisha, Ndoto ikawa dhahabu. Dhahabu ikaisha, ikawa kazi ya kiwandani. Baada ya vita kuu ya pili ikawa nyumba yenye uzio mweupe, gari mbele, mbwa nyuma. Kisha magari mawili. Kisha nyumba kubwa kiasi kwamba mume anampigia simu mkewe aliye jikoni kuuliza kama chakula kimeiva. Sasa wataalamu wetu wameisoma upya karatasi ya waasisi wa taifa, lile Azimio la Uhuru, wakagundua kosa la aibu. Waasisi hawakumwahidi mtu furaha. Walimwahidi haki ya kuifukuza. Kuifukuza tu! Aliyeikamata amevunja utaratibu."

Watu wakatazamana.

"Kwa hiyo," aliendelea, "mwananchi atakayebainika kuwa ametosheka atarudishwa mwanzo wa mbio. Nyumba yake itakabidhiwa kampuni, na kampuni itampangisha humohumo, ili apate tena kitu cha kufukuza."

Pruitt aliliona jambo hili kuwa la huruma sana. Siku alipoliandika ofisini, machozi yalimlengalenga.

Ama kuhusu namna ya kuwabaini waliotosheka, Idara haikuhitaji mashine. Mkaguzi anabisha hodi, anauliza, "U hali gani?", anasubiri jibu; naye akisalimiwa, kanuni inamtaka aitikie. Sasa watu wa Harmon Falls wamefunzwa tangu wakiwa wadogo kuitikia salamu kwa meno yote thelathini na mawili. Nyumba ya mtu inaungua, yeye kasimama barabarani na nguo ya kulalia, ukimuuliza hali atakwambia, "Safi kabisa, sina la kulalamika, na wewe je?" Wao wenyewe huiita adabu. Idara iliiita ushahidi.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Bi Odessa Trimble, mjane mweusi aliyepika chakula cha shule hiyohiyo hadi alipostaafu. Nusu ya watu waliokuwa ukumbini walikua kwa wali na maharage yake, na Pruitt akiwemo. Nyumba yake ilikuwa ndogo, na uzio wake mweupe aliupaka rangi kwa mkono wake kila baridi inapokwisha. Aliitwa mbele.

"Bi Odessa, msaidizi wangu Bwana Oyler alikuuliza hali yako. Ulimjibuje?"

"Nilimjibu nzuri. Ulitaka nimweleze habari za magoti yangu? Kanikuta nimeshika brashi ya rangi!"

"Ulisema, 'Sina la kulalamika.'"

"Nilisema. Hata siku ninamzika mume wangu nilisema. Jamani, si ndivyo tunavyosema wote?"

Ukumbi ukaguna kukubali. Pruitt akainua kidole, ukanyamaza.

"Kwa hiyo unakiri."

"Nisikilize, Harlan. Baba yangu alipanda treni kutoka Alabama kuja kutafuta hiyo nyumba yenu ya uzio mweupe. Alipofika, benki ikamfungulia ramani. Mitaa yetu sisi weusi yote imezungushiwa mstari mwekundu, huku hakuna mkopo. Akafa mpangaji. Nami nikapika masufuria ya shule hii mpaka mgongo ukapinda, nikainunua nyumba, nikaweka uzio. Leo unaniambia uzio umepitwa na wakati? Baba alikuta mmefunga. Mimi nimekuta mmehama!"

Makofi yakarindima. Pruitt alitabasamu akingoja yaishe, maana aliamini mengine yalikuwa yake.

"Idara inasikitika," alisema, "kwamba kila toleo la Ndoto limewafikia watu wa kwenu likiwa limeshaisha muda wake. Hilo ni suala la usafirishaji. Lakini jibu la salamu ni ushahidi, na ushahidi haufutwi."

"Kwa kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hata mkubwa?"

Pruitt akaweka mkono kifuani. "Bi Odessa, katika nchi hii hakuna aliye juu ya kanuni. Hata mimi. Andika hilo, Oyler."

Merle Oyler akaandika. Alikuwa msaidizi wa Pruitt tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi, na katika miaka hiyo yote ndoto yake haikurekebishwa hata mara moja. Alikitaka kiti cha Pruitt, kile cha ngozi, kinachozunguka.

Uamuzi ukatolewa papo hapo: nyumba ikabidhiwe Ijumaa. Bi Odessa alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. Pruitt aliliona hilo, akajua ujumbe umefika, akafunga mkutano kwa wimbo wa taifa.

Kisha akashuka kwenda kusimama mlangoni kuwapa watu mikono, kwa sababu alijua mkubwa mwenye mapenzi ya watu hufanya hivyo. Kipaza sauti kilikuwa bado kimebana kwenye tai. Wananchi wakapita mmoja mmoja wakiwa wameinamisha vichwa. Zamu ya Bi Odessa ikafika. Akaupokea mkono wa Mkurugenzi kwa mikono yake yote miwili.

"Lo, Harlan, kwa maneno yote yale hata sikukusalimu," alisema. "U hali gani, mwanangu?"

"Safi kabisa!" ukumbi mzima ulinguruma sauti ya Pruitt, na meno yote yalikuwa nje. "Sina la kulalamika! Na wewe je?"

Mtu mmoja akaweka chini kikombe chake cha kahawa. Halafu nyuma ya Pruitt ikasikika kalamu ya Oyler ikibonyezwa, tik.

"Oyler," alisema Pruitt, "hiyo ilikuwa adabu tu."

"Najua, bosi," alijibu Oyler akiendelea kuandika. "Inasikitisha mno."

Ijumaa, Oyler, Mkurugenzi mpya baada ya Pruitt kurudishwa mwanzo wa mbio, alikwenda mwenyewe kwa Bi Odessa kuchukua funguo. Bi Odessa alimngoja nyuma ya uzio, brashi mkononi.

"Hongera kwa kiti, Merle! U hali gani?"

Midomo ya Oyler ikaanza kufunguka. Meno mawili yalishatoka nje alipokumbuka. Akauziba mdomo kwa viganja, akatimua mbio mpaka kwenye gari. Kanuni inasema mkaguzi asiyeitikia salamu hana ruhusa ya kukagua wala kuchukua funguo, na tangu siku ile kila afisa aliyeufikia uzio ule alifukuzwa na salamu. Nyumba ni ya Bi Odessa mpaka leo.

Ya Pruitt ilichukuliwa. Ilikuwa kilimani, yenye vyoo vingi kuliko wakazi, na Jumamosi vyombo vyake vilitolewa vikapangwa kando ya barabara. Kampuni ilikuwa tayari kumpangisha humohumo, lakini kodi yao ilimshinda. Alikuwa ameketi kwenye sofa lake juu ya majani, mvua ikianza kumnyeshea, Bi Odessa alipofika na kipande cha pai ya pichi ndani ya sahani iliyofunikwa.

"U hali gani, Harlan?"

Alifungua mdomo. Akaufunga.

"Mbaya, Bi Odessa," alisema. "Mbaya sana."

Bi Odessa akampa sahani, akamfutia maji begani kwa kitambaa chake.

"Hapo sasa," alisema. "Karibu Marekani."