Kiti cha Kimya

Kitendawili!

Nimewasikia mmesema tega. Haya: amekaa kitako, na huku anakimbia.

Msikurupuke. Kuna mmoja hapo ameshasema abiria. Abiria hakimbii, mwanangu, abiria anakimbizwa. Mwingine kasema mwongo, maana yeye hukaa kwenye kiti chake na maneno yake yanazunguka mji mzima. Umekaribia nyumba, lakini umebisha mlango wa jirani. Lifungeni jibu kwenye pindo la nguo, tutalihitaji mbele.

Kitendawili hichohicho alitegewa mkwe mmoja na mama mkwe wake, asubuhi, mama akiwa kwenye cherehani anaweka zipu. Mkwe huyo aliitwa Usukani. Si kwamba alikuwa na gari. Hata baiskeli aliyopanda ilikuwa ya mkewe. Jina alipewa na watu aliowahi kuwazungusha.

"Jibu ni mjanja, mama," alisema Usukani, akipuliza chai. "Mjanja hukaa, akili yake ndiyo inayokimbia."

"Umekosa. Nipe mji."

"Mama, mji nitautoa wapi? Hata chumba ninacholala ni chako."

"Afadhali umelisema mwenyewe." Mama mkwe akakata uzi kwa meno. "Basi mji nimekusamehe. Lakini majirani wakiniuliza mkwe wako anafanya kazi gani, mimi nakohoa. Sasa kifua kimechoka. Kazi yako hasa ni nini, baba?"

Usukani akakaa sawa. "Mimi, mama, nawaunganisha watu na bahati zao."

"Hiyo si kazi, hiyo ni dua. Sikiliza. Siku mbio za magari zitakapoanza tena, uwe umenijibu kwa neno moja tu. Ukishindwa, mlango huo utautazama kwa nje, na mwanangu atabaki ndani."

Mkewe, aliyekuwa anachambua vifungo sakafuni, aliinua uso. Alimtazama tu mumewe, jinsi mtu anavyotazama kiatu anachokipenda kinapoanza kuacha soli. Usukani alikuwa na ngozi ngumu kwa matusi, lakini jicho lile lilimchoma. Alimpenda mke huyo kwa kweli, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulitia chumvi.

Akatoka kwenda kutafuta neno moja. Akaenda kulitafuta kwa kinyozi, ambako maneno hayakauki.

Wakati huo msimu wa mbio ulikuwa umekwisha, na pale kwa kinyozi hapakuzungumzwa jingine. Ndege huhama kwa sababu ya baridi. Madereva wa mbio huhama kwa sababu ya injini. Timu hii inamwaga dereva, timu ile inamwokota. Huyu anapewa kiti, yule ananyang'anywa. Wenyewe wanasema "kiti" wakimaanisha nafasi ya kuendesha gari la timu, na kwa kiti hicho watu wazima hununiana mpaka msimu mwingine.

"Kubwa kuliko zote ni ya Kimya," alisema kinyozi, mkasi hewani juu ya kichwa cha Usukani. "Mkataba wake na timu ya Matairi umekwisha."

Kimya ndiye aliyekuwa bingwa. Hakuna aliyemjua sura. Alishuka garini na helmeti yake, akagonga paa la gari mara mbili, akapokea kikombe na kuondoka bila neno. Wengine walisema ni bubu, wengine wakasema ana deni.

"Na nani anamtaka?"

"Nani hamtaki! Lakini Mzee wa Mikate ndiye anayeumwa hasa."

Usukani akaacha kujikuna. Mzee wa Mikate alikuwa na kiwanda kikubwa cha mikate, tumbo linalolingana nacho, na timu ya mbio iliyoshika mkia tangu izaliwe. Gari lake lilichorwa mkate ubavuni, na watu walikuwa wakisema linangoja unga uumuke.

Tajiri mwenye uchu, na bingwa asiye na sura! Usukani akainuka na nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa. Mtu mwenye heshima zake angengoja amaliziwe. Yeye alivaa kofia akaenda.

"Mimi ndiye wakala wa Kimya," alimwambia Mzee wa Mikate, ofisini, mbele ya makarani.

"Wewe? Na mbona yeye mwenyewe haongei?"

"Mzee, akiongea anatoa pumzi ambayo gari linaihitaji."

Mzee wa Mikate akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama aliyesikia jambo la kitaalamu.

"Atakuja kulijaribu gari lako," aliendelea Usukani. "Ila ana mila yake. Akija kujaribu, hupewa zawadi ya kuja. Ya kuja, mzee, si ya kukaa. Akilipenda gari anakaa, asipolipenda anakwenda zake, na zawadi haigeuki nyuma. Lile gari dogo jeusi pale nje litamtosha. Si mtu wa makuu."

"Na asipokuja kabisa?"

Hapo ulimi wa Usukani ukanogewa. Ulimi wake ulikuwa na ugonjwa huo: ukishamaliza kazi, hauketi. Akaweka mkono kifuani, akapaza sauti makarani wote wasikie. "Naapa mbele ya hadhara hii! Usipopata dereva kwangu, mimi mwenyewe nitashika usukani!"

Makarani wakapiga makofi. Mzee wa Mikate akasema, "Nimelisikia hilo, na nimeliweka."

Basi kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu: Kimya mwenyewe. Usukani hakumjua, wala hakuwa na nia ya kumtafuta. Alichotaka ni mtu wa kuvaa helmeti, azunguke mara moja, ashuke, atikise kichwa kwamba gari halimfai. Zawadi ya kuja ingebaki mfukoni mwake, na kwa gari lile angefungua ofisi yenye kibao mlangoni. Mama mkwe alitaka neno moja? Angelisoma kwenye kibao: "Mkurugenzi."

Akamwendea shemeji yake, mdogo wa mkewe. Binti huyo alikuwa dereva wa gari la kusambaza mikate, la Mzee wa Mikate huyohuyo. Kila alfajiri alipeleka mikate madukani, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anafuta kioo cha gari.

"Shemeji, nina kazi ya heshima. Kuvaa helmeti na kunyamaza."

Alipoelezwa yote, shemeji akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. "Yaani nijifanye Kimya?"

"Usiogope. Uendeshe polepole, usije ukaparamia ukuta. Kimya si mchezo, shemeji, huwezi kumwiga."

"Nitajitahidi."

"Tabu ni mavazi. Ovaroli ya kijani kama yake tutaipata wapi?"

"Mavazi niachie mimi."

Siku ya majaribio ilipofika, shemeji alimngoja nyuma ya maghala, ameshavaa. Usukani akamzunguka kwa mshangao. Ovaroli ileile, helmeti ileile, hata ule mkwaruzo wa ubavuni ulikuwepo.

"Umevitoa wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Hahaha! Kwa mwenyewe! Shemeji, kumbe na wewe mjanja. Damu ya kuoleana."

Nanyi mnaonisikiliza mmeshamwona samaki, naye ndiye aliyeshika ndoano. Ndivyo walivyo wajanja: hutazama sana mfuko wa mwenzao, hawaoni tundu la wao.

Uwanja wa majaribio ulikuwa na lami iliyopasuka na mafundi watatu wenye nyuso za msiba, maana walilijua gari lao. Mzee wa Mikate alivaa suti. Akamkabidhi Usukani ufunguo wa gari dogo jeusi, na Usukani akaudondosha mfukoni. Ukalia kama kengele ya kuita chakula.

"Mara moja tu, taratibu," alimnong'oneza shemeji. Helmeti ikainama.

Gari likaguruma. Likatoka taratibu kweli, likafika kona ya kwanza, na pale Usukani akaona vumbi. Gari halikuwepo. Likatokea upande wa pili likiwa limelala ubavu, likanyooka, likapita mbele yao kwa kishindo kilichoondoka na kofia yake, na ile nusu ya kichwa isiyonyolewa, ambayo hakurudi kuimalizia, ikaonwa na umma.

"Ataniua mtoto wa watu!" alipiga kelele. "Shemeji! Breki!"

"Shemeji?" aliuliza Mzee wa Mikate, lakini macho yalikuwa yanamtoka kwa furaha na hakungoja jibu. Mafundi walikuwa wameshikana mikono. Mmoja alilia waziwazi. Gari alilolitunza kama mgonjwa lilikuwa limeinuka kitandani.

Gari likasimama. Dereva akashuka, akagonga paa mara mbili.

Usukani akahisi miguu yake inataka kwenda mahali bila yeye. Mkono ule, kugonga kule! Kisha dereva akafanya jambo ambalo Kimya hakuwahi kulifanya. Akavua helmeti.

"Shikamoo, bosi."

Mzee wa Mikate akaganda. "Marahaba... we! Si wewe dereva wangu wa mikate?"

"Ndiye mimi. Na ndiye Kimya. Bosi wa Matairi alinifunika helmeti ili timu nyingine zisinijue zikaniiba. Mimi nikakubali, nikihofia mama yangu asije akajua."

"Mbona hukuniambia? Kila siku unasimama mlangoni kwangu!"

"Kila siku unaniuliza swali moja, bosi: mikate imefika? Nami hujibu, imefika."

Mzee wa Mikate akaanza kucheka, tumbo kwanza, yeye baadaye. Usukani akaona ndiyo nafasi. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, ufunguo ameukamata mfukoni.

"Shemeji," aliita binti, bila kugeuka, "zawadi ya kuja ni ya aliyekuja."

Akarudi. Akautoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha shemeji yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameuza kitu cha kweli, na ndiyo mara ya kwanza hakupata kitu.

"Na wakala?" aliuliza Mzee wa Mikate. "Huyu si wakala wako?"

"Wakala wangu ni mama. Atakuja kesho kuzungumza habari ya kiti."

"Mama anajua?" Usukani alisahau hata aibu.

"Anajua siku nyingi. Bosi wa Matairi alimpelekea kamba yenye vifundo, ya kipimo cha ovaroli ya Kimya, ili jina lisitajwe. Mama akaitandaza mezani, akasema: huyu ambaye mkono mmoja unaushinda mwenzake kwa urefu namfahamu, nimemzaa mimi. Akashona, akanyamaza. Mimi mwenyewe kaniambia juzi, nilipomweleza mpango wako."

Kumbe nyumba nzima ilijua, ila mwenye kujua yote.

"Sasa tuje kwako," alisema Mzee wa Mikate, akimgeukia. "Kimya nimempata. Lakini gari la mikate limebaki halina mtu, na aliyelichukulia dereva wake ni wewe. Uliapa vipi pale ofisini?"

Usukani akainua mikono. "Mzee, yale yalikuwa mapambo ya maneno."

"Makarani wangu waliyapigia makofi. Usipopata dereva kwangu, ulisema..."

"...mimi mwenyewe nitashika usukani," alimalizia Usukani kwa sauti ya mtu anayesoma kaburi lake.

Leseni alikuwa nayo, ya ujanani, na uoga alikuwa nao wa siku zote. Shemeji alimfundisha upya. Mwanzoni gari la mikate lilikuwa likiruka kama chura kila alipobadilisha gia, na wenye maduka walipokea mikate iliyobanana kama wagombaniao shuka. Watoto walimpita kwa miguu wakimpungia. Alijaribu siku moja kumwambia muuza duka kwamba mkate uliopinda ni wa daraja la juu. Muuza duka akacheka, akachukua, akamwambia kesho uwahi. Ajabu, kesho yake akawahi.

Siku ya kufungua mbio, alirudi nyumbani na unga mabegani ili waende wote uwanjani. Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani, anamalizia ovaroli mpya iliyodariziwa mkate mgongoni. Mkewe alimletea maji, akaketi karibu naye, karibu kuliko siku zote.

"Mkwe," alisema mama, mguu ukiwa bado kwenye kikanyagio.

"Naam, mama."

"Amekaa kitako, na huku anakimbia. Hukukitegua. Na lile swali langu bado linaning'inia. Mbio zinaanza leo, na nilisema neno moja."

Usukani akafungua mdomo, na maneno makubwa yakaja yenyewe, kama yalivyozoea: msambazaji mkuu, mratibu wa safari za mikate, mshirika wa bingwa. Yote yakapanga foleni nyuma ya meno. Akayameza pamoja na maji.

"Dereva," akasema.