Bega la Bernardo

Jumatatu, 1 Februari 1954
Daktari amesema moyo wangu hautafika Pasaka. Haya. Niungame humu kwanza, kabla Padre hajaja. Nilifundisha hesabu miaka thelathini, lakini nilichotaka hasa ni kuwa daktari wa kunyoosha migongo. Nilijifunza kwa posta. Masomo kumi na mawili. Somo la nane, la kujua pa kuachia, halikufika. Nikaendelea bila hilo, na cheti nikapewa! Migongo arobaini na moja imepita mikononi mwangu. Iliyonyooka: hakuna.

Jumanne, 2 Februari
Rafiki yangu Bernardo kaja kunijulia hali. Kabla ya reli alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo mara nne. Bega la kushoto limelala kama paa bovu. Mgonjwa wa mwisho! Akasema bega halimwumi. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Binti yangu Apolinaria akamkalia miguu, akinung'unika kwamba baba anakufa na bado hajatulia. Nikasukuma kwa nguvu zote zilizobaki. Ko! Mabega sawasawa kama mizani! Nikazimia kwa furaha. Apolinaria anasema nilizimia tu.

Jumapili, 7 Februari
Balaa. Jana kulikuwa na harusi mtaa wa Kanyenye. Bernardo huwa wa kwanza kuandaliwa nyama, kwa heshima ya bega lile. Ndilo hati yake ya kufika pwani. Kijana mmoja wa Kizaramo, mtani wetu, akamzunguka, akamkagua mabega, akatangaza kwamba babu huyu alikuwa karani, na bahari kaiona kwenye stempu. Ukumbi mzima ukacheka. Nyama akapewa mwingine. Mke wa Bernardo, Leonia, kaniletea ujumbe wa mumewe: urafiki basi, na kunizika hatakuja. Miaka sitini ya urafiki! Sijala.

Jumatatu, 8 Februari
Padre amenisikiliza. Ile arobaini na moja, akasema, Mungu ana huruma. Lakini bega ni mali ya mtu kama mbuzi alivyo mali. Nilirudishe kwanza, ndipo aniondolee dhambi. Nikamweleza kwamba somo la kurudisha halimo katika yale kumi na mawili.

Jumatano, 10 Februari
Nimemeza kiburi. Nimemwita Semeni, mkandaji wa Ng'ambo, ambaye miaka ishirini nimemwita mpika maandazi. Alicheka mpaka akakaa kitandani pangu. Akauliza kama cheti changu kina upande wa nyuma. Kisha akamtwika Bernardo debe la mchanga bega la kushoto, akamwamuru aende Mtendeni na kurudi, asubuhi na jioni. Akasema njia ya pwani ilimpinda hivyo hivyo, na haikuwa na cheti.

Jumapili, 14 Februari
Limelala! Bernardo kaja mwenyewe, upande upande, anang'aa. Ameniita mpumbavu mara tatu, kisha akasema jeneza langu litakapobebwa, upande wa kushoto ni wake. Nililia. Padre akaniapisha nisiguse tena mgongo wa mtu. Nikaapa kwa moyo wote, nikaondolewa dhambi. Mwepesi kama unyoya!

Ila alipoitwa mlangoni, Padre aligeuka mwili mzima, kama ng'ombe mwenye nira. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu seminari.

Niliapa kuhusu mgongo. Shingo haikutajwa. Nimemwomba arudi kesho mapema. Nimemwambia nimekumbuka dhambi moja ndogo.